Nyumba Ikivunjika Imevunjika

Mjukuu wangu alinijia Jumapili moja hapa Kurasini, akaniamkia, akala, kisha akafungua kompyuta yake ya mkononi na kuanza kupigana. Nasema kupigana kwa sababu ndivyo gemu lenyewe lilivyo: watu wawili wamesimama, huyu anarusha ngumi na yule anaruka. Nilivuta kiti nikaangalia. Picha zilikuwa za kizamani, zenye vipande vipande kama mkeka. Nikamwuliza gemu lile limetengenezwa lini. Akaniambia mwaka 1994.

Mwaka 1994 yeye alikuwa hajazaliwa. Nikamwuliza tena, je, hakuna mapya? Akasema yapo, tena mazuri kwa macho. "Basi kwa nini mnang'ang'ania hilo?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Babu, hilo ndilo linalochezwa."

Nimefundisha miaka mingi, na katika miaka hiyo jibu la namna ile nililipa sifuri. Niliwafundisha hata wanafunzi wa ualimu kulikataa. Mtoto akisema "iko hivyo kwa sababu iko hivyo", mrudishe nyuma atafute sababu. Nikamrudisha nyuma mjukuu wangu. Akasimamisha mchezo, akanieleza kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo nilipokuwa na umri wake.

Gemu hilo linaitwa Street Fighter II, na kampuni ya Kijapani ya Capcom ililitoa mwaka 1991. Mwaka 1992 likatoka toleo la pili, na katika mwaka huohuo la tatu lililo na kasi zaidi. Mwaka 1993 likaja la nne, lenye wapiganaji wanne wapya. La tano ndilo hilo la 1994. Kila toleo lilibadili kitu kidogo: pigo hili limeharakishwa, lile limepunguzwa nguvu. Nakala zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za nyumbani nazo hazikulingana sawasawa na mashine za kwenye mabanda. Mwaka 2008 lilitolewa toleo lililosafishwa picha na kurekebishwa mizani, waliolitengeneza wakitumaini kwamba washindani watahamia huko. Baadhi walikwenda. Wengi wakarudi kwenye la 1994. Na hata hilo hawalichezi lote, maana ndani yake amefichwa mpiganaji mmoja, Akuma, ambaye nguvu zake zimepita kiasi. Katika mashindano wamekubaliana asichaguliwe.

"Si kwamba halina kasoro, Babu," akasema. "Kasoro zake tunazijua wote."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuisikia hoja hiyo, si kwa maneno hayo, chini ya mkwaju mmoja karibu na Shimo la Udongo, mwaka 1986, na siku ile niliyoisikia mimi ndiye niliyekuwa nimekosa.

Msomaji asiyeijua Kurasini ya wakati ule inafaa aelezwe kidogo. Bandari ndiyo iliyotuleta wengi wetu. Wanaume walitoka Kilwa, Mtwara, Tanga, Songea, Usukuma, Unguja na Pemba, wakapanga vyumba, wakaoa, wakazaa. Jioni zamu ya mchana ilipotoka, mabaraza yalijaa. Pale mkwajuni palikuwa na bao mbili za mninga, moja mpya na moja iliyong'aa kwa jasho la mikono, na kete zetu zilikuwa komwe halisi zilizoletwa kutoka pwani ya kusini. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kijana wa miaka thelathini na sita, na kwa sababu ya cheo hicho nilipewa heshima ambayo umri wangu haukuistahili. Bao nilikuwa nalicheza vya kutosha kuwachekesha mafundi.

Kila mtu alikuja na bao lake la kwao. Ubao ni mmoja, safu nne za mashimo manane manane, na kete sitini na nne, thelathini na mbili kwa kila mchezaji. Lakini sheria? Wengine walianza kwa kuweka kete mbili mbili katika kila shimo na kwenda moja kwa moja. Hilo ni bao la kujifunza, wanalopewa watoto. Bao la Kiswahili huanza vingine. Unaweka kete sita katika nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani kwake. Kete ishirini na mbili unabaki nazo, unaziingiza moja moja, na hiyo ndiyo namua. Zikikwisha ndipo unaingia mtaji, unapocheza kwa zile zilizomo ubaoni tu. Hata wale waliocheza la Kiswahili hawakukubaliana katika mambo madogo. Na katika bao, kama katika ndoa, mambo madogo ndiyo yanayovunja.

Kubwa kati ya hayo madogo lilikuwa nyumba. Nyumba ina haki zake. Ukila wakati wa namua, na kete yako ya mwisho ikaangukia katika nyumba yako iliyo nzima, na shimo la mwenzio lililoielekea likawa tupu, una hiari: ulale pale, zamu yako iishe, au uzichote zote na kusafiri. Hiari hiyo ni mali kubwa. Ukisafiri, nyumba imevunjika, imekuwa shimo kama mashimo mengine. Swali ni hili: ikijazwa tena kete sita au zaidi, je, imejengwa upya? Kijijini kwetu, wavulana tulipocheza kwa mashimo tuliyochimba ardhini, jibu lilikuwa ndiyo. Mtu mwenye bidii ya kujenga upya, tulisema, apewe nyumba yake.

Mwaka ule baraza letu lilialikwa kupeleka mchezaji Unguja siku za Idi, acheze na watu wa baraza moja la Mji Mkongwe. Wafanyakazi wa bandarini walichanga nauli. Tukashindana wenyewe kwa wenyewe kumpata wa kwenda, na mwishoni wakabaki wawili. Mmoja tulimwita Nahodha, mtu wa Kilwa, mwembamba, aliyecheza huku akiimba puani. Mwingine tulimwita Bwana Winchi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya melini. Huyu alikuwa mzito wa maneno na mwepesi wa mikono. Walikuwa marafiki; watoto wao walikula sahani moja.

Nahodha alikuwa amekwisha kusafiri na nyumba yake mapema. Kisha polepole akaijaza tena. Ikafika wakati akala, akazisambaza kete, na ya mwisho ikaangukia pale, nyumba ikawa na kete saba. Upande wa pili palikuwa tupu. Akaondoa mkono akasema, "Nalala." Bwana Winchi akasema, "Hapana nyumba hapo. Endelea." Kila aliyekuwa pale aliona kwamba akiendelea ameangamia, na akilala atashinda.

Wakanitazama mimi. Hawakunitazama kwa sababu nilijua bao, bali kwa sababu nilikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu huamua. Nami niliamua. Nilisema nyumba iliyojengwa upya ni nyumba. Nilisema kwa sauti ileile niliyoitumia asubuhi gwarideni. Sikuuliza wanacheza sheria za wapi, wala sikusema kwamba hiyo ni sheria ya kijijini kwetu. Nilisema kana kwamba imeandikwa mahali.

Bwana Winchi hakubisha. Alimwaga kete zake ubaoni, akavaa viatu, akaenda zake. Hakurudi mkwajuni. Baadaye tulisikia anacheza Tandika.

Nahodha alipanda jahazi akaenda Unguja na nauli yetu. Mchezo wa kwanza alishinda. Katika wa pili yakamkuta yaleyale: nyumba yake ilikuwa imevunjika, akaijaza, akaangukia pale, akasema analala. Watu wakacheka. Si kwa ubaya, alisema; walidhani anafanya mzaha. Alipoona hawamalizi kucheka akaelewa. "Nyumba ikivunjika imevunjika," mzee mmoja akamwambia, kama anavyoambiwa mtoto. Akaendelea kwa lazima, akashindwa mchezo ule na uliofuata. Aliporudi alikaa siku tatu bila kufika barazani. Siku ya nne alikuja, akatueleza yote mbele yangu, bila kunitaja.

Hapo ndipo tulipokaa kikao. Ulikuwa usiku mrefu, nao ndio nilioukumbuka nilipomsikiliza mjukuu wangu. Mapendekezo yalikuwa matatu. Wapo waliotaka bao la kujifunza, kwa kuwa kila mtu analijua na halina ugomvi wa nyumba. Mafundi walilikataa, wakasema kila kitu kimo ubaoni tangu mwanzo na hakuna kete ya mkononi inayomtia mwenzio hofu. Mimi nilileta la pili, nikiona ni la haki: tucheze kwa zamu, wiki hii sheria za Kilwa, wiki ijayo za Tanga, ili asionewe mtu. Nahodha ndiye aliyenijibu. "Mwalimu," alisema, "wewe unafundisha. Sisi tunashindana."

Nilichukia kidogo, sifichi. Lakini alivyoendelea kueleza niliona anasema jambo ambalo mimi, na vyeti vyangu, sikuwa nimelifikiri. Fundi wa bao, alisema, hachezi kwa kutazama mashimo. Anacheza kwa kukumbuka. Ameona namua elfu; anajua ukiingiza hapa mwenzio atakula pale, na kete zitafika wapi baada ya mizunguko minne. Ukibadili sheria moja, hata ndogo, umemfuta kichwa. Miaka yake ishirini imekuwa karatasi nyeupe, na mtu wa jana amekuwa sawa naye. Tena akishindwa hajui kama ameshindwa na mtu au ameshindwa na sheria.

Tangu wakati huo nimesoma kidogo, na nimeona kwamba wataalamu wamelithibitisha jambo hilo kwa njia zao. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu kuhusu upeo wa akili zao: jinsi wanavyohesabu mbele na jinsi wanavyohifadhi mchezo kichwani. Nahodha hakuhitaji kitabu hicho. Lakini nilifurahi kukiona.

Tukachagua la Kiswahili kama linavyochezwa Unguja. Siku hizi mtu akiniuliza kama lilikuwa bora kuliko mengine nasema sijali. Lina kina, hilo ni kweli, na bila kina mafundi wasingelikubali. Ila kilicholipa ushindi ni kwamba ukitoka nalo Kurasini unaweza kukaa nalo Temeke, Tanga au Unguja, ukakuta mtu usiyemjua, na hakuna haja ya kuzungumza kabla ya kucheza. Lingekuwa zuri mara mbili na kuchezwa mkwajuni kwetu tu, lingekufa pamoja na mkwaju.

Waingereza walipitia hayohayo na mpira wao. Kila shule yao kubwa ilikuwa na mpira wake, hata mwaka 1863 walipokutana London kutengeneza sheria moja. Walichogombania zaidi ni mateke ya ugokoni, na klabu ya Blackheath ikajitoa kwa sababu mateke hayo yalikatazwa. Watu hupenda maumivu ya kwao.

Lakini mfano ulio karibu nami zaidi ni lugha. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa kuamua Kiswahili kipi kifundishwe shuleni katika nchi zetu, na kikachaguliwa Kiunguja; kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita kiliachwa, na mkutano wenyewe ulifanyika mjini kwake. Nimekifundisha Kiswahili sanifu maisha yangu yote, na bila hicho nisingeweza kumfundisha mtoto wa Msukuma na wa Mmakonde katika darasa moja. Nakitetea hadi leo. Hata hivyo nilipowafundisha wanafunzi wa chuo tungo za Muyaka bin Haji, niliona aibu kidogo kila nilipolazimika kueleza maneno yake kwa maelezo ya pembeni, kana kwamba yeye ndiye mgeni katika lugha. Mtu wa Mombasa akinung'unika namwelewa. Hakuonyeshwa kwamba lake ni baya. Aliambiwa tu kwamba si hilo linalochezwa.

Basi na sisi tulipoteza kitu. Bao la kijijini kwetu, lile la nyumba inayojengwa upya, simwoni tena mtu anayelicheza. Lilikuwa na uzuri wake: mchezo ulirefuka, na aliyeangushwa mapema aliweza kurudi. Nimemfundisha mjukuu wangu. Amelipenda, kisha akaniuliza atalicheza na nani.

Nirudi kwenye kikao, kwa sababu kuna jambo nimelipita upesi. Usiku ule tulipokubaliana kwamba nyumba ikivunjika imevunjika, tulikuwa tumekubaliana na Bwana Winchi. Alichokisema yeye ndicho kilichokuwa sheria yetu. Yeye hakuwepo, na hakuna aliyetumwa kumwambia. Tandika si mbali. Ningeweza kwenda kwa miguu. Nilijiambia kwamba wakati ule hapakuwa na sheria iliyokubaliwa, kwa hiyo hakuna aliyeonewa, na kwa hoja ilivyo nilikuwa sahihi. Mwalimu mkuu hujifunza mapema namna ya kuwa sahihi kwa hoja.

Miaka ikaenda. Nilistaafu mwaka 2010. Katika miaka iliyofuata watu wengi wa Kurasini walilipwa fidia na kuhama ili kupisha kazi za bandari na biashara. Mtaa wetu ulikatwa kama kanzu inayotolewa mshono. Mkwaju ulikwenda. Wachezaji wetu walitawanyika Mbagala, Chamazi, Kigamboni. Nahodha alihamia Kigamboni kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016, na huko alifariki. Mtoto wake aliniambia kwamba wiki ya kwanza tu mzee alikuwa amekwisha kupata baraza. Alifika, akaona watu wamekaa kwenye bao, akasubiri zamu yake, akacheza. Hakuuliza chochote.

Baada ya Jumapili ile ya mjukuu wangu nilipanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha bodaboda hadi Chamazi. Nilikuwa nimeelekezwa. Bwana Winchi alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, macho yamefifia lakini mikono ileile. Ananizidi miaka zaidi ya kumi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu," akasema, na hakushangaa.

Tukaulizana hali. Nikamweleza kilichonipeleka. Nilikuwa nimetayarisha maneno, nikayasema vibaya: kwamba siku ile niliamua kwa sheria ya kwetu bila kusema ni ya kwetu, na kwamba baadaye tuliichukua ya kwake na sikumjulisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mtoto amletee bao.

Nilidhani anataka tucheze. Aliweka kete polepole, shimo baada ya shimo, kwa kupapasa, pande zote mbili. Katika nyumba ya upande wangu aliweka saba. Akanipa tatu mkononi, na yeye akabaki na tatu. Nilipotazama niliutambua ubao ule. Ulikuwa wa jioni ile ya mwaka 1986, mbele ya nyumba patupu.

"Wewe ni Nahodha, Mungu amrehemu," akasema. "Endelea."

Nikazichota zile saba, nikasafiri. Haikuchukua muda. Alinimaliza kete moja ikiwa bado mkononi mwake. Akakusanya komwe zote katikati, akazigawa upya, sita nyumbani, mbili, mbili.

"Haya," akasema, "sasa tucheze letu."